Bwawani Hakuwepo

Kila jioni baada ya shule, Chiriku alimpeleka mdogo wake wa miaka minne kwenye bustani ya mtaa, wakacheza hadi mama yao alipomaliza kushona dukani ng'ambo ya barabara. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Bustani ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na mambo yake. Zamani ilikuwa chimbo. Mawe ya nyumba nyingi za mtaa yalitoka hapo. Mawe yalipokwisha, wakazi walileta udongo, wakapanda miti na nyasi. Palipokuwa pakituama maji ya mvua pakawa bwawa, na kando yake zikawekwa bembea. Upande wa nyuma tu ndio ulioachwa na ngazi zake za mawe, na mama alikuwa amewakataza kabisa kufika huko.

Siku hiyo vijana walikuwa wakishindana kwa baiskeli nje ya geti. Chiriku alimketisha mdogo wake kwenye ngazi zile, mahali ambapo hakuna mtu angewaona na kuwachongea kwa mama. Akamwambia atulie, kisha akatoka mbio. Aliporudi, ngazi zilikuwa tupu.

Aliita mpaka koo likamkauka. Mtunza bustani alipomuuliza alimwacha wapi mtoto, hofu ya mama ikamjibia.

"Hapa kwenye bembea. Nimegeuka kidogo tu."

Watu waliokuwa bustanini walitazama bembea, wakatazama bwawa. Wanaume wawili walivua viatu wakaingia majini, wakipapasa tope kwa mikono. Mama alikuja mbio, futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Hakulia. Alisimama ukingoni akimwita mwanawe kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha usingizini. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Kila mikono ilipoibuka mitupu alishusha pumzi, kisha akakumbuka kwamba kule nyuma giza linaingia na hakuna anayetafuta.

Akamshika mama gauni.

"Mama, nimesema uongo. Nilimwacha kwenye ngazi za mawe, nikaenda kutazama baiskeli."

Kabla hajamaliza, mama alikuwa ameshaondoka mbio. Chini ya ngazi kulikuwa na chumba kilichochongwa mwambani, ambamo wachimbaji walikuwa wakiweka nyundo zao. Mlango wake wa mbao, usio na kufuli, ulikuwa umejifunga na kukwama. Mtunza bustani aliusukuma kwa bega hadi ukaachia. Mtoto alikuwa ndani, amejikunyata, vumbi tele usoni, sauti imemwishia kwa kulia.

Mama alimkumbatia, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Kumwacha peke yake ni kosa, na adhabu yake utaipata," alisema. "Lakini uongo wako ulituweka sote majini, huku mwenzio akilia kwenye mawe. Ukikosea, mwanangu, sema kweli mapema, wakati bado inaweza kuokoa."

Chiriku aliinama, akaanza kumfuta mdogo wake vumbi usoni.