Papa Bamekaa Mbele

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Hakimu aliegesha gari karibu na mpaka wa Rusizi ya Kwanza, akafuta vioo, akapanga chupa za maji, akamngoja mgeni wake. Ilikuwa safari ya siku moja tu: kupanda msitu wa Nyungwe, kuwaona mbega, kulitazama ziwa kutoka juu, kurudi. Gari moja, mgeni mmoja, kiongozi mmoja. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka minane.

Siku hiyo alikuwa na haja moja tu, kufika nyumbani Kamembe kabla ya magharibi. Mkewe, Uwera, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ilikuwa imefika mbali, na Hakimu hakutaka giza limkute Uwera peke yake.

Mgeni alivuka daraja kwa miguu. Maman Nabintu, muuza vitenge wa Bukavu, mama wa miaka hamsini hivi, amevaa nguo nyeusi za msiba. Hakuwa na mzigo ila kofia ya kiume, ya kijivu. Aliishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni.

"Ni wewe Hakimu? Kumbe uko kijana! Kwa telefoni uko na sauti ya mzee."

"Sauti nilirithi kwa baba, Maman. Miguu ndiyo yangu."

Mama akacheka. Hakimu akamfungulia mlango wa mbele.

"Hapana," Maman Nabintu alisema. "Mimi nakaa nyuma. Papa bamekaa mbele."

Hakimu akatazama daraja. Hakuna aliyekuwa anakuja.

Upande ule wa ziwa, mtu mzima hatajwi kwa umoja. Baba mmoja akifika, watu husema *bamefika*. Akila, *bamekula*. Si kwamba ni wengi. Ni heshima. Hakimu alilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo hakujiuliza. Papa, bwana wa mama huyu, ni mmoja. Na huyo mmoja, nguo nyeusi zilikwisha kusema yuko wapi.

Mama akaiweka kofia juu ya kiti cha mbele, taratibu.

Hakimu akamwonea huruma. Mama yake mwenyewe aliiacha fimbo ya marehemu baba mlangoni mwaka mzima. Akainama kidogo kuelekea kile kiti kitupu.

"Karibu, Papa," akasema.

Akawasha gari.

Ti... ti... ti...

Ilikuwa kengele ya mkanda. Gari lile hulia hivyo mtu anapokaa bila kujifunga. Mtu. Kofia haina uzito wa kuliamsha. Hakimu aliangalia taa nyekundu, akaangalia kofia, kisha akavuta mkanda na kuufunga juu ya kiti kitupu.

Kengele ikanyamaza.

Ndipo harufu ilipoanza. Zeri ya kifua, ile wanayopakwa wagonjwa. Na chini yake, udongo mbichi.

Njiani Maman Nabintu aliuliza, "Uko na bibi?"

"Niko naye. Mwezi ujao tunapata mtoto, inshallah."

"Ya kwanza?"

"Ya tatu. Lakini hii ndiyo imefika."

Kwenye kioo aliona uso wa mama ukigeukia dirishani. Mashamba ya chai yalikuwa yakipita, kijani, kijani, hadi mvua ikayafuta. 

Kizuizi kilikuwa ufito mmoja na kibanda cha mbao, mahali njia ya msituni inapoachana na lami. Mlinzi wake, Théoneste, kazi yake ni kuandika idadi. Walioingia wangapi, waliotoka wangapi. Namba mbili lazima zifanane. Asubuhi ile, kwa ajili ya mvua, hakutoka. Alifungua dirisha kidogo tu.

"Muko bangapi?"

Hakimu akaanza kuinua vidole viwili. Mkono wa Maman Nabintu ukamgusa begani.

"Sema watatu," alinong'ona. "Tafadhali, mwana wangu. Papa balingojea hii siku sana."

Lilikuwa jambo dogo. Hakimu akainua kidole cha tatu.

Théoneste akaandika.

*

Waliacha gari njia ilipoishia. Hakimu akaufungua mkanda mama achukue kofia, wakapanda kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu ukabaki kati ya miti kama moshi wa jiko la kuni mbichi. Maman Nabintu alitangulia na kofia yake. Hakimu alimfuata nyuma, akitazama matope, kwa mazoea ya kazi. Viatu vya mama. Pembeni yake, nyayo pana za buti, nzito, ingawa hakuna buti iliyokuwa imepita. Akataka kurudi. Kisha akaona nyingine, ndogo sana, za miguu mitupu.

Nyani, akajiambia. Lazima ni nyani.

Waliwakuta mbega kwenye bonde la kwanza. Zaidi ya mia, weusi wenye mabega meupe, wakirukaruka na kuvunja matawi. Maman Nabintu akasimama.

Mbega wote wakanyamaza.

Wote.

Walishuka matawi ya chini, wakakaa, wakatazama. Hawakumtazama mama. Hawakumtazama Hakimu. Walitazama nafasi iliyo kati yao.

Kisha katika kimya kile kikasikika kicheko. Chembamba. Cha karibu.

"Unasikia? Banacheka," Maman Nabintu alisema. Halafu akakunja uso. "Lakini Papa hawakuwa na kicheko kama hii."

"Ni ndege, Maman."

"Ndiyo... ndege."

Kileleni ukungu ulipasuka, na ziwa Kivu likaonekana chini, pana, rangi ya chuma, na ng'ambo yake Bukavu imelala juu ya rasi zake. Mahali pale wageni hupiga picha. Maman Nabintu alikaa juu ya jiwe, akazungumza bila kumtazama Hakimu.

"Bwana yangu balikuwa chofa ya camion, ya malori. Kila mara bakipita hii barabara balisema, 'Siku moja nitasimama, nitapanda kule juu.' Hawakusimama hata siku moja. Mwaka jana baliugua kifua, bakafa."

"Pole, Maman."

"Ngoja. Siku ya arobaini niliweka sahani mezani. Nikahesabu moja, mbili, tatu, ine. Unaona? Tulikuwa tumebaki watatu. Nilihesabu na ya Papa. Ni kuzoea tu." Akaigeuza kofia mikononi. "Usiku ule nikasikia kiti inavutwa."

Hakimu akaitazama kofia.

"Mwezi uliofuata binti yangu Gracia alikufa. Miaka kenda. Kifua. Kisha kadogo kangu, Delphin. Kifua. Mzee mumoja kule kwetu aliniambia, 'Bwana yako anaenda kule banamuhesabu. Akihesabiwa, anaingia. Akiingia, anabeba batoto. Umupeleke mahali alipenda, ahesabiwe akiingia, asihesabiwe akitoka. Na asihesabiwe na wewe.'"

Hakimu akarudi nyuma hatua moja.

"Ndiyo maana ulinitafuta mimi?"

"Nilitafuta kiongozi. Kiongozi anahesabu watu."

"Maman! Nilikuambia nyumbani kwangu kuna nini!"

"Uliniambia tukiwa tumeshapanda gari." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Sikiliza. Bado iko rahisi. Tukishuka, sema wawili. Neno moja tu. Wawili. Na Papa batabaki huku na milima yao."

Akaiweka kofia juu ya jiwe. Akaiaga kwa Kimashi, lugha ya kwao, maneno machache. Wakashuka haraka, bila kugeuka. Hakimu hakutazama matope tena. Midomo yake ilikuwa ikirudia neno moja kwa kila hatua. Wawili. Wawili. Wawili.

*

Saa kumi na moja kasoro gari lao lilifika kizuizini. Ukungu ulikuwa mzito hata Théoneste akatoka na tochi.

"Muko bangapi munatoka?"

"Wawili," Hakimu alisema.

Théoneste akalamba kidole, akafunua daftari.

"Asubuhi niliandika watatu. Mwingine iko wapi?"

"Tulikuwa wawili. Nilikosea."

"Wewe? Miaka minane, ukosee leo?" Mlinzi alishika filimbi iliyoning'inia shingoni. "Hakimu, mutu akibaki msituni mimi nafunga njia. Naita batu ya kutafuta. Na karte yako ya kazi inabaki hapa. Unalala hapa pamoja nasi mpaka aonekane."

Kulala pale. Na Uwera peke yake.

Maman Nabintu alimshika bega kwa nguvu. Kucha zake zilipenya shati.

Filimbi ikafika midomoni.

"Watatu!" Hakimu alisema. "Nilikuwa nakutania. Watatu."

Ti... ti... ti...

Taa nyekundu iliwaka mbele yake. Kwenye kiti cha pembeni hapakuwa na kitu, hata kofia. Lakini kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea. Na harufu... zeri, udongo.

Nyuma, Maman Nabintu akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa.

Théoneste aliangaza tochi kiti cha mbele, akainamisha kichwa kwa adabu. Akaangaza nyuma. Midomo yake ikatembea. Kisha akacheka.

"Leo hesabu imekushinda kabisa. Muko batano."

"Batano?"

"Mzee huyu hapa mbele. Wewe. Maman. Na batoto wawili." Akatikisa kichwa. "Maman, hako kasichana umekaacha bila viatu, na hii baridi?"

Hakimu akainua macho kwenye kioo.

"Kasichana..." Maman Nabintu alinong'ona. "Kamevaa nini?"

"Si kako karibu yako? Sweta ya njano. Na kadogo kamelala kwa mapaja yako."

Maman Nabintu akatazama mapaja yake. Taratibu akashusha mkono. Hakimu aliona kwenye kioo, na hakuweza kufumba macho. Mkono ulishuka, ukashuka... na kabla ya kuigusa nguo, ukasimama. Juu ya hewa. Ukaanza kupapasa, polepole, kitu cha mviringo.

Mwaka mzima amekuwa akisema *bamekuja*, *bamekaa*, *banacheka*. Mwaka mzima amedhani ni heshima.

"Batoto yangu," alisema. "Nilitaka kubaacha msituni. Mimi mama yao."

Akafungua mlango.

"Andika sisi tunashuka hapa," alimwambia Théoneste. "Tuko watatu. Tutangoja bisi kwa barabara."

"Maman!" Hakimu alimshika kitenge dirishani. "Na huyu? Maman, na huyu?"

Aliinama. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini macho yalikuwa yametulia, kama ya mtu aliyepata alichokuja kukitafuta. Hakutazama kiti cha mbele.

"Ule," alisema, "ulimuhesabu wewe."

*Ule*, yaani yule. Kwa umoja. Heshima yote ilikuwa imevuliwa, na akabaki mmoja.

"Pardon, mwana wangu."

Akaondoka kuelekea barabarani. Mkono mmoja umekunjwa kifuani, kama umebeba. Mwingine umeshuka pembeni, vidole vimefungwa nusu, kama vimeshika vidole vidogo. Ukungu ukawameza.

Théoneste alikata mstari kwenye daftari.

"Batano, kutoa batatu. Wawili." Akainua ufito. "Haya. Safari njema."

*

Kilomita karibu arobaini hadi nyumbani.

Ti... ti... ti...

Angeweza kuunyamazisha ule mlio. Ilitosha kunyoosha mkono, kuuvuta mkanda, kuupitisha juu ya kiti. Hakuweza. Aliendesha akiegemea mlango, dirisha wazi, mvua inampiga usoni, na harufu haikuondoka. Alisoma kila aya aliyoijua. Alipozikosea, alianza upya. Kwenye kona moja gari lilipoinama, alisikia kifua kikikwaruza pembeni yake. Pumzi fupi. Ya mtu aliyeumwa muda mrefu.

Kamembe adhana ya magharibi ilikuwa ikisomwa. Alipita mbele ya lango lake bila kusimama. Akazunguka soko. Akapita tena. Angekwenda wapi? Kwa nani ambaye hana mtoto?

Mara ya tatu Uwera alikuwa amesimama langoni, mkono mmoja kiunoni, tumbo limemtangulia. Akatoka hadi katikati ya njia na kuinua mkono. Hakimu akakanyaga breki.

Akaruka nje, akaubamiza mlango, akafunga gari kwa ufunguo. Kengele ikakatika.

"Mbona unazunguka kama mwizi?" Uwera alisema. "Nimekuona mara tatu. Ingia, chakula tayari. Niweke sahani ngapi?"

"Usihesabu." Ilikuwa sauti ya chini, karibu haikutoka. "Uwera, nakuomba. Usihesabu chochote."

"Uko na homa?"

Akamgusa paji la uso. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la mumewe, kwenda nyuma yake, penye gari. Akavuta mtandio, akaupanga vizuri kichwani, kama wanawake wanavyofanya mbele ya mtu mzima.

"Na hukuniambia uko na mgeni," alimlaumu kwa kunong'ona. Halafu kwa sauti, akitabasamu, "Karibu, Papa. Mupite, mupite. Msibaki kwa baridi."

"Uwera, hakuna mtu. Hakuna..."

Lakini alikwisha kugeuka, anatembea ule mwendo wake mpya wa taratibu, mkono juu ya tumbo. Kitu baridi kikapita kando ya Hakimu, kikiacha harufu ya zeri, kikamfuata.

Kutoka ndani zikasikika sahani zikiwekwa mezani.

"Moja," Uwera alihesabu. "Mbili. Tatu."

Hakimu alikimbia. Hakuwahi hata kufika kizingitini.

Kiti kikavutwa.

Na Uwera, kwa mara ya kwanza tangu apate mimba ile, akakohoa.