Mifupa ya Mtakatifu Helvan

Sanduku la mtakatifu lilikuwa wazi, na ndani hapakuwa na kitu ila kipande cha hariri kilichokunjwa vizuri, kama kimekunjwa na mtu asiye na haraka.

Inspekta Enora Abgrall aliinama juu ya altare ya kanisa dogo la Lanhelvan akalitazama sanduku. Fedha iliyolizunguka sanduku ilikuwepo yote. Vinara vilikuwepo. Hata sarafu za sadaka hazikuguswa. Mwizi alikuwa ameipita mali yote hiyo, akachukua mifupa michache mikuukuu isiyo na bei katika soko lolote la Bretania, huku magharibi mwa Ufaransa.

"Kufuli halijavunjwa, Afande," alisema mtaalamu wa alama za vidole.

"Na alama?"

"Za kijiji kizima. Kila mwaka wanalishika na kulibusu. Nina vidole, nina na midomo."

Enora alivuta pumzi. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili ndiyo sikukuu, siku Lanhelvan nzima inapolibeba sanduku hilo hadi kisimani, na wagonjwa wakapita chini yake wakiomba kupona. Bila mifupa hakuna maandamano. Tena Askofu alikwishasema, wala hakunong'ona, kwamba kanisa lenye mtakatifu asiyejulikana na mtu afadhali lipewe mtakatifu wa kueleweka.

Maana hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Helvan alikuwa nani? Roma haimjui. Wazee wa upande wa juu wanasema alikuwa mtawa wa Ireland aliyevuka bahari amekaa ndani ya hori la jiwe. Wazee wa upande wa chini wanasema alikuwa binti wa mfalme wa Wales aliyekimbia kuozwa. Sanamu yake ya mti ingeweza kuamua ugomvi, lakini wadudu wameila wakabakiza pua na kiganja kimoja. Wanalokubaliana wote ni kwamba anawaangalia watoto. Sanduku lenyewe halikuwahi kufunguliwa kwa kumbukumbu ya mtu aliye hai; kwa kioo chake kidogo ilionekana hariri tu.

Ijumaa lilikuwa lifunguliwe. Mtaalamu wa mifupa alikuwa aje kutoka mjini kuipima, kwa ombi la Daktari Tugdual Kerhoas, aliyetumia nusu ya maisha yake kumtafuta Helvan. Enora alianza na huyo.

"Ulikuwa wapi jana jioni?"

"Nyumbani. Nasoma."

"Nani alikuona?"

"Afande, mtu anayetafiti watakatifu wa kale wa Kiselti haonwi na mtu. Ndiyo kazi yenyewe."

"Mkahawani wanasema umeiiba wewe. Uliogopa majibu."

Tugdual alicheka bila furaha. "Nimekwenda Dublin, nimekwenda Cardiff, nimekwenda Roma nikakaa kwenye vumbi hadi mapafu yakagoma. Nimepata Helvan watatu. Mmoja ni kijito. Wa pili ni kosa la karani. Wa tatu alikuwa mbuzi wa mkuu wa monasteri. Kesho ningepata mfupa, umri wake, pengine na nchi aliyotoka. Niibe leo kitu nitakachopewa bure kesho?"

Hoja hiyo ilisimama. Hilo nalo lilimuudhi Enora.

Akaenda mkahawani kwa Fantig, na huko ndiko akili yake ilikotaka kuchemka. Nyumba ilijaa. Aliuliza ni nani mwenye funguo za kanisa, akapewa mvinyo wa tufaha na habari za kijiji kilichopakana, Plouarzan, chenye wivu tangu zamani. Akauliza tena. Fantig akamwekea chapati ya ngano nyeusi yenye yai juu, akaanza kumweleza nani anaumwa mguu, nani kalazwa, nani kaachwa, na jinsi mwaka huu Mungu alivyokuwa mwema, kwani tangu masika hajafa mtu, hata mzee Jakez ambaye jeneza lake lilikwishanunuliwa akaamka akadai supu. Watu wakacheka. Padri Briec, kijana wa mjini, alikuwa kwenye kona na bilauri yake, na hata yeye akacheka.

"Funguo, mama," Enora alisema. "Nimeuliza funguo."

"Si ni Bibi Katell! Anafagia kanisa tangu mama yake alipoiacha kazi. Lakini usijisumbue, mwanangu. Katell Guivarch akiua nzi, anakwenda kuungama."

Enora akatoka. Nyuma yake wakatoka Tugdual, aliyekuwa amemfuata hadi mkahawani, Padri, Fantig na aproni yake, na wengine wote waliokuwa na miguu. Aliwaamuru warudi. Wakarudi hatua mbili.

Nyumba ya Bibi Katell iko mwisho wa njia, na mizinga ya nyuki imepangwa kando ya ukuta. Enora alifika kwenye lango akasimama ghafla. Kila mzinga ulikuwa umefungwa utepe mweusi.

Alilelewa na bibi yake milima miwili tu kutoka hapo, hakuhitaji kuelezwa. Nyumba ikipata msiba, nyuki ndio wa kwanza kupashwa habari na kuvalishwa nyeusi, ama sivyo wanahama au wanakufa. Hakuna mwanamke wa huku anayethubutu kuliruka hilo, hata awe na siri nzito kiasi gani.

Alibisha. Bibi Katell alifungua, mdogo, wima, macho makavu. Jikoni saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa. Jagi la maziwa na ndoo ya maji vilikuwa vimefunikwa, roho isije ikazama humo ikipita.

"Pole kwa msiba, bibi," Enora alisema.

"Asante, mwanangu." Ilimtoka kabla hajajizuia.

"Nani amefariki?"

Bibi Katell alilisogeza kidogo jagi la maziwa.

"Fantig amenihesabia kila kikohozi cha kijiji hiki. Hajafa mtu. Hapa unaishi peke yako. Unamlilia nani?"

Bibi Katell alikaa. Alitazama mlangoni, kijiji kilipokuwa kimeanza kusukumana. "Padri aingie," alisema. "Na huyo Daktari aingie, maana ndiye aliyeyaanzisha. Wengine wafunge mdomo na mlango."

Mlango ukafungwa. Mdomo, sijui.

"Ulichukua wewe?" Enora aliuliza.

"Nilichukua."

"Iko wapi?"

Bibi alielekeza kidole chumbani. Juu ya kitanda, kwenye shuka jeupe lililopigwa pasi, kulikuwa na mifupa. Tugdual alisogea kwanza, njaa ya miaka yote ikiwa usoni. Kisha akasimama. Hakuwa daktari wa mifupa, lakini mtu hahitaji shahada kuona kwamba mfupa ule wa paja haukuzidi urefu wa kidole.

"Huyu ni mtoto mchanga," alisema.

"Ni wangu."

Bibi Katell aliwafuata, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Alizaliwa amekwisha kufa," Bibi Katell alisema. "Padri wa enzi hizo, si huyu, akasema asiyebatizwa hana nafasi makaburini. Mume wangu akamzika nje ya ukuta, chini ya ua wa miiba, kama paka. Nikavumilia. Halafu serikali ikaja kupanua barabara. Nilitangulia mbele ya katapila, nikamchimbua kwa mikono, nikamweka kwenye aproni. Ningempeleka wapi? Funguo za mama, pamoja na wa sanduku, zilikuwa kiunoni. Nikasema, Helvan ni wa watoto, atasogea kidogo ampishe."

"Ukaichanganya," Tugdual alisema, sauti ikipanda. "Bibi, mifupa ya Helvan uliipeleka wapi?"

"Hapakuwa na mifupa, Daktari. Sanduku lilikuwa tupu. Hariri, vumbi na nondo mfu."

Tugdual alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu. "Tupu," alisema. "Dublin, Cardiff, Roma. Tupu."

"Ungeniuliza mimi. Hukuwahi kuniuliza. Ulikuwa unaniambia tu niinue miguu upite na taa yako."

Enora alikuwa bado hajamaliza. "Kwa nini sasa, bibi? Amekaa humo salama miaka yote."

"Mtaalamu angempima kesho. Angesema si mtakatifu, ni mtoto tu. Wangemtoa. Wangempa namba, wamweke kabatini mjini." Akaugusa ukingo wa shuka. "Walimnyima mahali mara moja. Sikutaka wamnyime tena. Nilimleta nyumbani ili nimlilie kwanza. Wakati ule hawakuniruhusu hata kumlilia."

Enora aliitazama karatasi ya maelezo aliyotakiwa kuijaza: mwizi, mwenye mali. Mwenye mali alikuwa mbele yake, na mwizi alikuwa huyo huyo. Akaikunja akaitia mfukoni. Wakubwa mjini wangemuuliza, na angekasirishwa na swali lao lolote.

Padri Briec alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Hakuwahi kuonekana mdogo namna ile.

"Jumapili tutamzika, mama," alisema. "Ndani ya ukuta. Askofu akitaka kusema, aseme na mimi. Nitahitaji jina la kuchonga kwenye jiwe. Alikuwa anaitwa nani?"

"Hakuruhusiwa jina, Padri." Bibi Katell aliinuka, akaliweka sawa shuka lililokuwa sawa tayari. "Nyinyi ndio mliompa. Miaka yote hii mnampandisha mabegani mnaimba Mtakatifu Helvan, Mtakatifu Helvan, nami nimesimama nyuma na ufagio wangu, naitikia: utuombee."