Motokaa Haiposwi

Nyumba ya Filbert hapa Njombe haikosi watu. Jioni majirani huja kuota moto, kula viazi na kupashana habari. Lakini jioni ile wenye nyumba walikuwa hoi. Filbert na mkewe, Tabea, walikuwa wametoka kubandua magamba ya miwati, miti ambayo maganda yake huuzwa kwa kutengenezea ngozi. Mikono yao ilikuwa myeusi na migongo iliwauma.

Karibu na moto, Bibi Yudita, mama yake Filbert, alinyoosha miguu iliyovimba. Kila wiki alitembea kwa miguu hiyo hiyo kwenda hospitali ya misheni.

"Vumilia, mama," Filbert alisema. "Jumamosi tunaleta motokaa. Utapanda wewe kwanza, abiria baadaye."

Watu wakashangilia. Habari za motokaa hiyo zilikwisha kuzunguka mji mzima. Ilikuwa Makambako, kwa mfanyabiashara aitwaye Marcelino. Ilikuwa kubwa, ya fahari, yenye viti vya ngozi nyekundu. Mzungu mmoja mwenye shamba aliiuza aliporudi kwao Uingereza. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya gari dogo jipya. Hata hivyo, ingemaliza fedha zote za magamba, jasho la miaka mingi.

Kornelio, jirani yao, hakushangilia. Yeye ni dereva wa lori la magamba. Alikuwa anamenya kiazi.

"Shemeji Tabea, mliikaguaje?"

"Tulituma neno mapema. Tukaenda watu tele, na nguo za kanisani. Tulipokewa vizuri! Wali, nyama, chai ya maziwa."

"Na motokaa?"

"Tuliikuta inanguruma uani. Inang'aa hiyo!"

"Mlifungua boneti?"

Filbert akashtuka. "Nifungue boneti ya mtu niliyekula kwake? Aibu gani hiyo!"

"Kumbe mlikwenda kuposa!" Kornelio alisema.

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tabea hakucheka. Alitazama mikono yake.

"Tueleze, shemeji," alisema.

"Mchumba humfungui mdomo ukatazama meno. Lakini ng'ombe mnadani je? Unamfungua. Unamtembeza. Sasa motokaa ni ng'ombe, si mchumba. Mlituma neno, naye akaiwasha kabla hamjafika. Injini ikishapata moto, huficha ugonjwa. Nendeni asubuhi na baridi, bila kutuma neno. Guseni boneti kwanza. Ikiwa baridi, ndipo aiwashe mbele yenu."

"Lakini bei yake ni nzuri," Filbert alisema.

"Bei ya kununua, ndiyo. Kuilisha je? Gari kubwa linakunywa petroli sana. Tairi zake ghali, vipuri vyake vinakuja kwa meli. Ukitoa fedha zote siku ya kwanza, motokaa itasimama uani, na kuku watataga kwenye viti vyako vyekundu. Weka kando fedha za matengenezo kabla hujanunua."

Ijumaa Kornelio aliwachukua Filbert na Tabea kwa lori lake. Walilala kwa ndugu zake, Mahongole, karibu na Makambako. Alfajiri wakabisha hodi kwa Marcelino.

"Kamwene, bwana," Filbert alisalimu.

"Kamwene. Mbona hamkutuma neno? Hata chai haijachemka!"

"Chai tutakunywa baadaye," Kornelio alisema. "Tumekuja kumwona ng'ombe."

Filbert aligusa boneti. Ilikuwa na umande wa barafu. Marcelino alizungusha hendeli ya kuwashia mpaka jasho likamtoka. Hatimaye injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe.

"Inaungua!" Tabea alisema.

"Huo ni mvuke tu, shemeji. Kwa baridi hii hata sisi tunautoa mdomoni. Ngoja."

Mweupe ukaisha. Ukafuata moshi wa buluu, nao haukuisha.

"Huo sasa ni oili inaungua," Kornelio alisema. "Ringi za pistoni, zinazoizuia, zimekwisha."

Wakaipeleka mlimani. Katikati ya mlima ikazimika. Wote wakashuka kusukuma, hata Marcelino na koti lake zuri. Tabea alisukuma kidogo, kisha akaegemea mlango.

"Bwana Marcelino," alisema, "sisi tumechoka tayari. Hatununui kazi nyingine."

"Basi nishushe bei, mama?"

"Hapana. Itengeneze kwanza. Siku itakapopanda mlima huu asubuhi na baridi, tutakulipa."

Marcelino alikung'uta koti lake. Motokaa ilikuwa imekaa uani kwake tangu mvua zilizopita, na mnunuzi mwingine hakuwepo. Akakubali.

Kazi ya fundi ilichukua muda. Huku nyuma Filbert na Tabea walibandua magamba ya msimu mwingine. Uchovu ule ule, baridi ile ile. Bibi Yudita aliendelea kutembea. Fedha za msimu huo waliziweka kando, za tairi na vipuri.

Kisha asubuhi moja walibisha tena hodi bila kutuma neno. Boneti ilikuwa baridi. Injini ikawaka. Moshi mweupe ukatoka, ukaisha, na wa buluu haukuja. Motokaa ikapanda mlima mpaka juu. Filbert akalipa, ndipo wakanywa chai.

Filbert alikuwa amejifunza udereva jeshini, wakati wa vita. Siku ya hospitali alimweka mama yake kiti cha nyuma, Tabea pembeni yake. Majirani walijaa uani, kila mtu anataka kugusa boneti.

Njiani Filbert hakusikia tena maongezi nyuma. Akageuka kidogo. Mama yake alikuwa amelala, mdomo wazi. Tabea alikuwa amelala begani kwa mkwewe.

Alipofika hospitali, hakuwaamsha. Alizima injini, akasubiri.