Kosa la Masauko

"Umezitupa wapi?"

"Chooni," Masauko akajibu bila hata aibu. "Zote."

Enelesi akamkazia macho mumewe. Zilikuwa kondomu walizopewa kliniki, siku alipokutwa na virusi na mumewe akakutwa hana. Dawa ndiyo kwanza alikuwa ameanza, na muuguzi aliwaonya wasizembee.

"Wewe mwanaume una akili kweli? Nikikuambukiza je?"

"Niambukize! Tuwe sawa, uache kuniangalia kama mgeni anayesubiri basi."

Hapo Enelesi akaona maji yamezidi unga. Akamwandikia kaka wa mama yake, ambaye ndiye nkhoswe wake, msimamizi wa ndoa ambaye bila yeye haifungwi wala haivunjwi: "Mjomba Gibisoni, njoo kesho na nkhoswe wa Masauko. Nimeshindwa. Arudi kwao."

Kwao Zomba mume ndiye huhamia kijijini kwa mke. Kumfukuza si kazi, kazi ni kutaja kosa lake mbele ya wazee.

Asubuhi wakaketi kwenye mkeka barazani. Uji ulipoa, hakuna aliyeugusa.

"Haya, mwanangu," mjomba akaanza. "Anakupiga?"

"Hapana, mjomba."

"Ana kimada?"

"Hana."

"Mvivu?"

Enelesi akatazama mahindi nyuma ya nyumba, yaliyostawi kwa jembe la Masauko. "Hapana."

"Sasa umetuitia nini, tuje kukagua mkeka?"

Enelesi akaangua kilio.

"Kosa lake ni kwamba ni mzima, mjomba! Mimi nina virusi, yeye hana, na anavitaka! Nitamzika huyu! Mama yake akiniuliza nilimfanya nini mwanawe, nitajibu nini? Nampenda mno, ndiyo maana nataka aondoke."

Nkhoswe wa Masauko, kaka yake mkubwa, akasimama ghafla.

"Funga mizigo, mdogo wangu. Twende."

"Siendi, kaka."

"Unataka kufa?"

"Nataka kukaa na mke wangu! Tangu apimwe ananifukuza kwa macho. Nikasema nikiumwa kama yeye, ataniacha nikae."

Roho ilimuuma Enelesi. Kumbe hofu yake yeye ndiyo ilimfikisha mumewe huko.

Mjomba Gibisoni akakohoa.

"Enelesi, hapa neno ni moja. Mwambie mbele yetu, 'Sikutaki.' Tutambebea mizigo wenyewe."

Enelesi akamgeukia mumewe. Akafungua mdomo, sauti ikagoma. Akajaribu tena. Akashindwa.

"Utavaa?" akauliza badala yake, wazee wakiwa papo hapo.

"Nitavaa."

"Na kupima utapima, kila tukiitwa?"

"Nitapima."

"Apa mbele ya mjomba."

Masauko akaapa, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Hofu haikumwondoka Enelesi hata kidogo. Aliwaza safari za kliniki na miaka iliyokuwa mbele yao, akaogopa kuliko jana.

"Basi kaa," akasema.