Nyumba Kumi na Tatu Ndani ya Shimo

Jumatano, tarehe 15 Agosti 1984, saa kumi na mbili unusu asubuhi, mama mmoja aliyekuwa akifuata mbuzi wake nyuma ya mtaa wa Kiwanjani alichungulia shimo la changarawe akamwona Jillo Wako amelala chini kifudifudi, shingo imepinda. Alikuwa amekufa tangu jana yake.

Kagwiria alifika saa moja na robo. Alikuwa mtafiti wa nyumba na mazingira ya mijini, hata mwaka haujaisha tangu atoke chuo kikuu, na Jillo alikuwa karani wake. Kazi yao ilikuwa kuhesabu nyumba za mikeka za familia zilizopoteza mifugo kwa ukame, ili kila nyumba ipewe kiwanja na maji ya mfereji. Kagwiria aliiamini kazi hiyo kama wengine wanavyoamini sala. Sasa alisimama ukingoni akiitazama penseli iliyochomoza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya Jillo.

"Hakuteleza," Inspekta Lotukoi alisema. "Anayeteleza huangukia karibu na ukuta wa shimo. Huyu ametua mbali. Alisukumwa."

Kufikia saa nne, Boru alikuwa ndani ya seli. Boru alikuwa shemeji yake Jillo, kaka wa mkewe Safiyo. Jumanne mchana watu walimsikia akimfokea Jillo mbele ya nyumba ya Qabale, mama yao Boru na Safiyo.

"Nilisema nitamvunja mkono," Boru alikiri. "Alikuja na rangi kumwandikia mama namba mlangoni. Mama si ng'ombe wa mnada."

"Halafu?"

"Halafu mama akanifukuza mimi, akampa yeye chai. Muulize."

"Jioni ulikuwa wapi?"

"Kutafuta ngamia."

"Nani alikuona?"

"Ngamia."

Askari wa mlangoni alicheka. Lotukoi hakucheka. "Ijumaa asubuhi unapelekwa Meru kushtakiwa. Mauaji ni kitanzi, kijana. Tafuta shahidi mwenye kusema."

Alikuwapo mwingine wa kushukiwa: Marete, dereva wa lori la changarawe, ambaye wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba hesabu ya Jillo ingefungisha shimo lake. Lakini kitabu cha kizuizi cha polisi barabarani, kule Ngaremara, kilionyesha kuwa alipita saa kumi Jumanne, akielekea kaskazini, na hakurudi hadi Jumatano saa tatu. Akabaki Boru peke yake.

Mtu wa mwisho kumwona Jillo akiwa hai alikuwa Mutuma, mchoraji wa ofisi ya ramani.

"Alileta fomu saa kumi na moja jioni," Mutuma alieleza, macho yamejaa huruma. "Arobaini na nne. Za mwisho alizimalizia kwenye meza hii, mimi nikimwona, hata ya nyumba yake mwenyewe. Akaaga, akaenda zake. Pole sana, dada."

Fomu zote zilijazwa kwa penseli, kwa herufi kubwa, kama Kagwiria alivyoagiza. Mwandiko haungesema lolote. Akazibeba, akaenda Kiwanjani kuzilinganisha na nyumba zenyewe.

Nyumba ya kwanza ilikuwapo, na kibao chake chenye namba. Ya kumi ilikuwapo. Ya thelathini, ya Mama Qabale, ilikuwapo, rangi ikiwa mbichi bado. Ya thelathini na moja ilikuwa ya Jillo, haina namba, na kutoka ndani yake ilisikika sauti ya Safiyo akilia. Baada ya hapo palikuwa na shimo la changarawe. Fomu za thelathini na mbili hadi arobaini na nne zilieleza nyumba kumi na tatu, milango, paa, idadi ya watoto, na zote, kwa mpangilio wa namba, zilisimama hewani juu ya mahali Jillo alipofia.

"Basi karani wako alikuwa mwizi wa viwanja," Lotukoi alisema aliposikia. "Mwizi ana maadui. Na Boru angali mmoja wao."

Maneno hayo yalimchoma. Alhamisi, tangu asubuhi hadi adhuhuri, Kagwiria alikaa kwenye meza ya nyumba ya wageni akifanya kile alichofundishwa: kupanga majibu safu kwa safu, swali kwa swali. Alipomaliza safu ya swali la kwanza, aliweka penseli chini. Aliisoma upya kuanzia juu. Kisha akaondoka karibu akikimbia.

Saa tisa alasiri, yeye na Lotukoi waliingia ofisi ya ramani.

"Mutuma," Kagwiria alisema, "zile fomu za mwisho. Ulimwona Jillo akizijaza?"

"Kwa macho yangu haya."

Aliweka mafungu mawili mezani. "Hizi thelathini, swali la kwanza, mwenye nyumba. Qabale. Dahabo. Tache. Wote wanawake. Wiki ya kwanza nilidhani Jillo amekosea, nikamrudishia. Alinicheka. 'Madam,' akaniambia, 'mwanamume hapa ana ngamia. Nyumba ni ya aliyeijenga. Mke hukata fito, husuka mikeka, na siku ya kuhama yeye ndiye huibomoa na kuipakia. Ukimwandika mume, umemwandika mgeni.'"

Mutuma alianza kukunja ramani iliyokuwa mbele yake.

"Hizi kumi na nne wote ni wanaume. Alisahau mambo ya kwao mezani pako?"

"Labda alichoka."

"Na hii ya thelathini na moja. 'Mwenye nyumba: Jillo Wako.' Karani haruhusiwi kujihesabu. Nilimfundisha hivyo siku ya kwanza, na wewe hukuwapo. Nyumba yake aliniachia mimi. Na hata angejihesabu, asingeandika jina lake. Ile ni nyumba ya Safiyo."

Lotukoi aliegemea mlango ukafungika. "Kama si Jillo aliyezijaza, bwana Mutuma, ulimwona nani?"

Mutuma alimgeukia Kagwiria.

"Dada, wewe na mimi ni Wameru, watu wa mlima mmoja. Wazazi wangu wanaishi kwenye shamba la mtu kule juu. Wamefukuzwa mara tatu, mara ya mwisho mvua ikinyesha. Ndugu zangu wana watoto. Shimo lingefukiwa, viwanja vingepimwa. Majina ni ya kuokota tu; ramani iko mkononi mwangu, ningeyabadilisha baadaye yawe ya kwetu. Nilidhani Jillo angefurahi. Ndiyo maana nikamwandikia na ya kwake."

"Akafurahi?" Lotukoi aliuliza.

"Alikataa kuzichanganya na zake. Alinishika mkono akanipeleka mpaka ukingoni. 'Nionyeshe nyumba ya thelathini na mbili,' akasema. Alikuwa akicheka. Sikupanga, afande. Nilitaka tu anyamaze."

Pingu zilipofungwa, Kagwiria aliangalia pembeni. Wazee wale waliofukuzwa mvuani ndio hasa watu ambao kwa ajili yao alichagua kazi hii, na hakukuwa na fomu iliyowafikia.

Boru aliachiliwa saa kumi na moja jioni.

Ijumaa asubuhi Kagwiria alipiga hodi nyumba ya thelathini na moja kwa salamu aliyofundishwa na Jillo.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam," Safiyo alijibu. "Alisema utakuja wewe."

Waliketi mkekani, watoto wawili wakiwa wamelala ubavuni mwa mama yao. Kagwiria alichukua fomu mpya.

"Mwenye nyumba?"

"Safiyo Ibrae."

"Wanaoishi ndani?"

"Wanne," Safiyo alisema. Kisha akaishika penseli ya Kagwiria kabla haijagusa karatasi. "Andika watatu."

Akaandika. Walipotoka nje, Kagwiria alichovya brashi akapaka namba kwenye kibao, polepole. Boru ndiye aliyemshikia kopo la rangi.