Tangi la Maji Moto la Bwana Hashil

Maji ya birika la kuogea yalianza kunuka nywele zilizoungua. Fakhria akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akamgeukia mumewe.

"Bwana, tangi lako limekwisha. Nunua jingine."

"Limechoka tu. Litatiwa lehemu."

Chumbageni nzima ilijua kuwa Hashil bin Himyar anaoga maji moto kwenye birika, maana mwenyewe hakuacha kusema. Tangi la shaba, la tangu uhai wa baba yake, lilikaa nyuma ya ukuta wa bafu, moto chini yake. Sasa lilikuwa limetoboka ubavuni, maji yanachuruzika ardhini mchana kutwa. Fundi Zebedayo alikuja akaligonga, akasema lehemu itashika kwa sasa, ya mwakani hayajui. Basi mume akakazania kutengeneza, mke akakazania jipya, wakanuniana hata wakala mbalimbali. Moto hawakuuzima. Nani angeanza kuoga maji baridi?

Na sisi wa pwani, mtu akimwaga maji moto chini hutanguliza bismillahi, wenyewe wasioonekana wapate kuwaondoa watoto wao. Mpishi husema, hata mtoto mdogo husema. Tundu la tangi halikusema.

Kikaanza kilio cha kitoto kichanga nyuma ya ukuta.

"Paka," alisema Hashil.

Kilio kilipokoma, alasiri moja, Fakhria alimfungua nguo binti yao Turkiya, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza, akaukuta unyayo wake umebabuka kama ulioingizwa kwenye sufuria, na kesho yake kifundo, na kesho yake tena goti, ilhali mtoto hakuwekwa karibu na moto wala maji, na kila ngozi ilipotoka chumba kilijaa ile harufu ya nywele.

"Bwana, kidonda kinapanda," alinong'ona. "Kikifika kifuani hatuna mtoto."

Akaitwa Bi Mwanamkasi, mganga wa Ngamiani. Kwanza aliamuru moto uzimwe, kisha akafukiza udi. Kichwa cha Fakhria kikaanguka kifuani, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamke mwingine.

"Mwanangu alilala chini ya ukuta ule. Mmeniunguzia mpaka amekufa, nanyi mnabishana. Na mimi nambabua wenu, polepole, kama mlivyombabua wangu."

"Tuwie radhi, mwana," alisema mganga. "Taja utakacho."

"Nani aliyesema tangi liachwe hivyo hivyo? Nitajiwe. Nitamwacha mtoto, nimshike yeye."

Hashil alimtazama mwanawe. Akautazama mlango.

"Mke wangu," alisema.

Kinywa cha Fakhria kikacheka. "Nimo ndani yake, bwana. Naye anakusikia."

Turkiya akapona. Tangi likang'olewa, na jipya halikununuliwa. Lakini magharibi ile Hashil alipochovya mikono kwenye maji ya kisima atie udhu, maji yalimchemkia vidoleni, akaitoa mikono imebabuka. Tangu hapo hatawadhi kwa maji, hutayamamu kwa mchanga, na ukimuuliza atakwambia ni maradhi ya ngozi.

Fakhria hakudai talaka, watu wakashangaa. Kila ikiadhiniwa magharibi hutoka uani na kata ya maji, baridi, yamejaa pomoni, akasimama mbele ya mumewe kwa adabu zote.

"Nikumiminie, bwana?"