Panya Watatu Wasiofukiwa

Kila asubuhi Kinyaa alifungua banda la kuku kwa mkono mmoja, wa pili umebana pua. Shangazi ndiye aliyembandika jina hilo, kwani msichana huyo alitapishwa na kila kitu, hata utando wa maziwa.

Kuku walikuwa wawili. Kiherehere alitoka mbio, akachakura kila mahali, hata mbele ya paka, na vifaranga wake tisa walinona. Mwoga alichungulia kwanza, akashtushwa na jani, akarudi ndani. Vifaranga wake wanne walikuwa mifupa mitupu.

Juma lile shangazi alitega sumu stoo. Panya watatu walipokufa, alimwagiza Kinyaa akawafukie. Matumbo yalikuwa yamevimba, inzi wanaingia na kutoka midomoni. Kinyaa aliwasukuma kwa fimbo hadi jalalani, akatema mate, akakimbia. Alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho kwamba ameshawafukia.

Siku ya tatu Kiherehere alilegea uani, damu ikimchuruzika mdomoni. Shangazi hakutaka hasara, akamwahi kwa kisu kabla hajafa.

Mchana Kinyaa alitumwa kumwaga manyoya jalalani. Akaona panya wawili wameoza. Wa tatu alibaki mkia na ngozi, na nyayo za kuku zimemzunguka pande zote. Alirudi mbio, akamkuta mdogo wake ameshika bakuli la mchuzi wa kuku.

"Shangazi, asinywe," alisema. "Sikuwafukia wale panya. Kiherehere amemla mmoja."

Shangazi alimpokonya mtoto bakuli. Kinyaa alichimba shimo mwenyewe, akafukia panya, nyama na mchuzi wote. Alitapika mara mbili, na hakuna aliyembembeleza.

Jioni Mwoga alipita mbali na jalala, vifaranga wake wanne nyuma.

"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," shangazi alisema. "Lakini usimcheke Kiherehere. Ujasiri ulionenepesha watoto wake ndio uliomwua. Kuku hachagui tabia aliyozaliwa nayo, mwanangu. Wewe kuona kinyaa si kosa. Uongo uliuchagua mwenyewe, na nusura utuzike. Haya, kawaokote wale yatima."

Kinyaa aliwakusanya wote tisa kifuani, kinyesi cha moto kikimchuruzika vidoleni. Safari hii hakubana pua. Hakuwa na mkono wa kuibania.